Kiuno cha Mwenye Mita

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mnene juu ya miguu minne isiyosikilizana, limeegemezwa ukuta wa kinyozi, pale barabara inapokutana na kichochoro cha mafundi cherehani. Ukikaa kushoto, wa kulia anapanda juu. Wa kulia akikohoa, kahawa ya wa katikati inamwagika. Wenyewe walishazoea, wakawa wanakunywa kwa mpango kama wanakwaya. Walikuwapo Kipara, kinyozi asiye na hata unywele mmoja wa kutangazia kazi yake, Wakili, ambaye hakusoma sheria popote, ila aliwahi kuitwa mahakamani kuwa shahidi wa kesi ya mbuzi, akaonja utamu wa kusikilizwa, na hajanyamaza tangu siku hiyo, Bi Chupa, mwenye kahawa, aliyepakata chupa yake kubwa ya moto kama mjukuu, na Soketi. Huyu Soketi alikuwa fundi wa sare za shule, bingwa wa marinda na vifungo, mwanamume ambaye hajawahi kupiga msumari ukaenda ulikotumwa. Lakini nyumbani kwake kulikuwa na chumba kizima, kuanzia sakafuni hadi darini, kimejaa drili, grenda, misumeno ya umeme, randa za umeme, na mita za kupimia umeme za kila umri na kila sura. Akiona mita inauzwa, miguu inakataa kupita. Akisikia mlio wa drili mpya, anasahau alikotumwa. Siku hiyo alasiri alifika, akakaa, wa upande wa pili akapanda juu kama kawaida, na akakataa kahawa.

Bi Chupa akamtazama kwa hofu.

— Umefiwa?

— Bado.

— Bado nini? Kuna mgonjwa?

— Kuna gari, akasema Soketi. La mnunuzi wa vyuma chakavu. Jua likishuka linapiga honi mlangoni kwangu. Linachukua chumba chote.

Hata miguu ya benchi ikatulia.

— Shemeji kachoka? Kipara aliuliza taratibu. Yeye alimwita mke wa Soketi shemeji, ingawa undugu wao ulikuwa wa kahawa tu.

— Hakuchoka. Ana haki. Binti yetu anakuja kesho na kichanga, wakae nasi mpaka apate nguvu. Chumba ni kile kimoja. Mama Watoto kasema mtoto hawezi kulala katikati ya misumeno kama gogo. Sasa mimi nitabisha nini? Mjukuu wangu wa kwanza! Hata kitanda changu angekitaka ningemletea na mto.

— Basi yaishe, akasema Wakili. Umekubali, umetoa, umepata baraka. Kunywa kahawa.

— Sijamaliza. Kaniwekea sharti. Kilichowahi kufanya kazi kinabaki, atakitafutia pa kukaa. Ambacho hakijawahi kufanya kazi kinapanda gari.

Kipara akapiga paja lake kwa furaha, kahawa ya Wakili ikaruka.

— Umeshinda, bwana! Si drili yako ile nyekundu ndiyo iliyotundika vioo vyangu vyote? Si grenda yako iliyokata kufuli la…

— Shii!

Soketi alitazama huku na huku kama aliyeiba mkate. Kisha akakumbuka kwamba mkewe kaenda kununua chandarua cha mtoto, akapumua.

Kisa ni hiki. Zamani, mtu wa ukoo aliazima drili ya kwanza kabisa ya Soketi, na ikarudi bila waya, kama panya aliyekatwa mkia. Mkewe akasema: kuanzia leo usimwazime mtu kitu. Soketi akaitikia kwa kichwa. Na kwa kichwa hichohicho akaanza kuazimisha kwa siri, kupitia dirisha la nyuma la duka lake, kila mashine imefungwa ndani ya sare ambayo haijashonwa mikono. Mtaa mzima ulijua dirisha lile. Na mashine ikirudi, ndipo Soketi alipokuwa fundi kweli. Aliifuta kwa kitambaa cha kaki na mafuta ya cherehani. Vumbi la kwenye matundu alilitoa kwa ncha ya sindano. Waya aliukunja mikunjo ya kiwandani, akailaza mashine ndani ya povu lake, ndani ya boksi lake, akapitisha gundi ya karatasi juu. Angeweza kuirudisha dukani na mwenye duka akaipokea.

— Sasa zote zinaonekana hazijawahi kuona ukuta, akasema. Nikisema zimefanya kazi, ataniuliza: na nani? Nikisema na mimi, ananijua. Mimi mkono wangu ni wa sindano. Nikisema na majirani, nitakuwa nimemfanya mjinga miaka yote hii, na pale nyumbani hatujawahi kufanyana wajinga.

— Isipokuwa wewe, akasema Bi Chupa.

— Isipokuwa mimi.

Wakili akasimama. Aliposimama, benchi likamwangusha Kipara, lakini hiyo haikuwa habari.

— Mheshimiwa Soketi, mimi nitakutetea. Tutasema ni ugonjwa. Mota ikiwa mpya ina harufu yake. Harufu ile inapanda puani, inakata kona, inaingia kwenye ubongo sehemu ya manunuzi.

— Ubongo una sehemu ya manunuzi? aliuliza Kipara akijifuta vumbi.

— Wa mwanamume unayo. Wa mwanamke ndio wote.

Bi Chupa akafungua kifuniko cha chupa, mvuke ukatoka.

— Rudia, sikusikia vizuri.

— Nimesema wa mwanamume unayo, mama. Nikaishia hapo.

— Si harufu, akasema Kipara. Ni sumaku. Ndani ya mita za zamani kuna sumaku, ndiyo inayoendesha kile kisahani kinachozunguka. Sasa sumaku inaita mwenzake. Ukiweka mita moja chumbani, ya pili inaisikia kule dukani, inakuvuta mkono ukiwa mfukoni. Na drili ni chuma, inafuata mita. Huyu hana kosa! Alipokea mgeni mmoja, akaletewa ukoo.

— Nanyi wote hamjui kitu, akasema Bi Chupa, naye alikuwa akiongea polepole kama anayemimina. Dunia inazunguka, haizunguki?

— Inazunguka.

— Inazungushwa na nini?

Wakili akatazama miguuni kama anayetafuta kinachoizungusha.

— Ina kisahani chake chini kule, kama cha mita. Kila mita inayozunguka nyumbani kwa mtu inaipa dunia kimsukumo kidogo. Ziuzeni leo mzivunjevunje. Kesho jua likichelewa kutoka, kahawa ya alfajiri nitamuuzia popo?

— Hoja nzito, akasema Wakili. Hiyo tunaiweka ya mwisho.

Soketi alitaka kucheka, akakumbuka gari, kicheko kikarudi tumboni. Mtu mmoja alikuwa akipita barabarani na kapu. Soketi akamtazama kiunoni, akamfuata kwa macho mpaka kona, kisha akashusha pumzi. Walishazoea kumwona hivyo. Walidhani ni tamaa ya wateja.

— Ya kwanza sikununua, akasema.

— Ya kwanza ipi?

— Mita. Ile ndogo ya mkononi, yenye sindano na nyaya mbili, moja nyekundu moja nyeusi. Si yangu. Niliazimwa.

Basi akawaeleza, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemkatiza. Alikuwa kijana, duka ndiyo kwanza limefunguliwa, mkewe ana mimba ya huyu binti anayekuja kesho. Akaingia bwana mmoja mpita njia, suruali imechanika nyuma vibaya, kashika mkoba mbele na kofia nyuma. Soketi akampa shuka ajifunge, akaichukua suruali. Yule bwana akakaa kwenye kigoda na shuka lake, anasubiri. Wakati huo mke wa Soketi katoka uani kufua, mikono inachuruzika maji, sakafu imelowa, anataka kupiga pasi ukanda wa sare. Akasema, kama mtu anayesimulia jambo dogo, kwamba pasi hii siku hizi inatekenya vidole. Akanyoosha mkono.

— Yule bwana aliruka, akasema Soketi. Aliruka na shuka likabaki kigodani! Akasimama kati ya mke wangu na pasi vile alivyo, mikono juu, anapiga kelele: usiguse! Mke wangu akafunika uso, hajui akimbie pasi au amkimbie mwanamume. Akachomoa waya ukutani. Akajifunga shuka, akatoa mita kwenye mkoba, akaweka ncha hapa na hapa, akanionyesha sindano inavyoruka. Waya wa ndani umekatika ngozi, umeugusa mwili wa pasi. Akanambia, ingekuwa leo, na maji haya, na mimba hii… hakumalizia. Akaitengeneza palepale. Nami nikamalizia suruali, mshono ule ndio mbaya kuliko yote niliyowahi kushona. Akavaa. Akaniachia mita. Akasema: kaa nayo, kagua nyumba nzima, nitaipitia.

— Akaipitia? aliuliza Bi Chupa.

— Mpaka leo bado.

— Jina lake nani?

— Nilipata wapi nafasi ya kuuliza jina? Jina lake silijui. Sura yake nilikuwa naogopa kuitazama, mtu yuko na shuka. Lakini kiuno chake nakijua. Nilikipima kwa mkono wangu. Kikipita leo hapa barabarani, nitakijua.

Bi Chupa akaweka chupa chini.

— Kumbe ndiyo maana unawatazama watu viunoni! Mimi nimekuombea dua miaka yote hii.

— Nilingoja, hakuja. Nikasema, siwezi kukaa na asante mkononi kama mtu mwenye kaa la moto. Nikanunua drili, nikamwazima wa kwanza aliyeuliza. Nikanunua nyingine. Mita nazo kila nikiona nanunua, nani ajue nyumba ipi ina pasi ya namna ile? Nikasema nitawaazima hawa mpaka apite mwenyewe. Sasa zikipanda gari, akija nitamwambia nini? Kwamba ulituokolea mtoto, nasi tukaacha hata kuazima watu?

Kipara alikuwa akijifanya ana unywele machoni.

— Ushahidi, akasema Wakili, na sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo. Hapa kinachokosekana ni ushahidi. Na ushahidi usipokuwepo, unatengenezwa.

— Hiyo ndiyo sheria?

— Hiyo ndiyo kesi ya mbuzi. Nendeni mkalete mashine. Tuzichafue kabla Shemeji hajarudi!

Wakaenda nyumbani kwa Soketi, kule kichochoroni, wakarudi na maboksi mpaka kidevuni. Umeme ulikuwa dukani kwa Kipara. Kulikuwa na mteja kitini, aliyeachwa hapo Kipara alipotoka kunywa kahawa, kijana mgeni mtaani, kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu ipo. Kipara akamwambia "dakika moja, kaka," akachomoa mashine ya kunyolea, akachomeka waya mrefu, akatoka nao nje. Kijana akabaki anajitazama kiooni kwa zamu, upande huu, upande ule.

— Tutengeneze nini? aliuliza Soketi, kashika drili kama aliyepewa kichanga cha mtu.

Wote wanne wakalitazama benchi. Ubao ule, tangu waujue, haujawahi kutulia.

Kipara akatangulia na msumeno. Mguu wa kushoto ni mrefu, akasema, akaupunguza. Wakakaa kujaribu, sasa wa kulia ndio mrefu. Wakaupunguza. Sasa wa nyuma. Wakili akawa anasimamia kwa jicho moja, amefumba jingine, anasema bado kidogo, bado kidogo, na kila bado yake vumbi la mbao linapanda na benchi linashuka. Bi Chupa akachukua randa ya umeme akaipitisha juu ya ubao mara moja, akapenda mlio wake, akaipitisha tena mpaka wakamnyang'anya. Grenda ikakata msumari ambao haukuwa na kosa lolote. Soketi akaambiwa angalau atoboe tundu moja la heshima. Akabonyeza. Drili ikamzungusha yeye, ikamtembeza mpaka kwenye mlango wa kinyozi na kumrudisha, wala haikutoboa kitu ila hewa.

— Mita nazo? aliuliza Kipara akihema.

— Zipime chupa yangu, akasema Bi Chupa.

Wakaipima chupa. Sindano haikutikisika.

— Kahawa haina umeme, akasema Wakili. Andikeni hilo.

Walipokaa mara ya mwisho, benchi halikuyumba. Lilitulia tuli, imara kama kizingiti. Ila magoti yao yalikuwa yamepita masikio.

Hapo ndipo mke wa Soketi alipokata kona, chandarua begani. Alikuwa mwanamke mrefu, na siku ile, kwa jinsi walivyokaa, alionekana mrefu zaidi. Akasimama. Akatazama mashine zilizotapakaa. Akatazama nyuso nne nyeupe kwa vumbi.

— Hamjambo?

— Hatujambo, Shemeji.

— Mbona mmekaa chini?

— Tumekaa benchini, akasema Wakili.

— Benchi liko wapi?

— Limekaa chini nalo.

Mke wa Soketi akaokota drili nyekundu, akaipuliza.

— Zimefanya kazi?

— Kila siku, Shemeji! Kipara akadakia. Mbona mchana kutwa! Hii imechoka, ile imechoka zaidi, ile pale inaomba likizo.

— Na nani?

— Na mumeo mwenyewe, akasema Wakili, naye alikuwa ameshaweka mkono kifuani kama aliye kizimbani. Mikono yake miwili. Tumeshuhudia. Mtu huyu akishika drili, ukuta wenyewe unasogea.

— Kumbe! akasema mkewe. Haya, Baba Watoto. Sogea, nitobolee tundu hapa nione.

Soketi akapokea drili. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Alijaribu kukumbuka ipi ni mbele, na moyo wake ukawa unapiga honi kabla ya gari. Alimtazama mkewe, akafungua mdomo aseme ukweli wote, wa dirisha na wa sare zisizo na mikono.

Hakuwahi. Mlango wa kinyozi ukafunguliwa, akatoka yule kijana na kitambaa chake shingoni, kichwa nusu kwa nusu.

— Samahani, wazee. Shikamoo, mama. Mimi naona umeme nimeshaukosa, lakini kabla sijakaa kusubiri tena, kinyozi alinambia kuna mzee hapa anaazimisha drili mtaa mzima, unapita dirisha la nyuma. Nimehamia juzi, nataka kumtundikia mama yangu rafu, zilizopo ziko juu, hazifikii. Ni nani kati yenu?

Wakili alitazama kikombe chake kana kwamba kimeandikwa. Kipara akajikuna mahali ambapo palikuwa na nywele zamani. Bi Chupa akaanza kuimba kwa pua wimbo usio na maneno. Soketi alitamani benchi lipungue tena, limzamishe kabisa ardhini.

— Ukuta wako, akasema mke wa Soketi, ni wa tofali au wa zege?

Kijana akageuka.

— Wa zege, mama.

— Basi si hiyo nyekundu, itakuchosha. Chukua ile ya kijani, ina kigongo ndani cha kupigia zege. Na ncha za kutobolea ziko kwenye kopo la vifungo, upande wa chini. Ubonyeze taratibu, na usimame sawa.

Soketi alikuwa bado kashika drili kinyumenyume.

— Mke wangu… umejuaje kopo la vifungo?

— Fimbo ya pazia chumbani kwetu, unadhani ilipanda yenyewe?

— Nilidhani uliita fundi.

— Fundi ndiye mimi. Na nilipomaliza nikaifuta kwa mafuta ya cherehani, nikatoa vumbi kwa sindano, nikaifunga na gundi yake, usije ukajua.

Bi Chupa akaacha kuimba. Kicheko kikamtoka, kikamtikisa, chupa ikacheka naye mapajani.

— Sasa sikiliza, Baba Watoto, akasema mkewe, na alijishusha mwenyewe akakaa kwenye lile benchi, magoti nayo yakampanda. Hivi unadhani mimi natembea mtaa huu kwa kufumba macho? Nikienda kuchota maji, asante mama. Nikienda gengeni, nafungashiwa kitunguu cha juu, asante mama. Huyu Kipara kawanyoa watoto wangu bure mpaka wakaota ndevu, akaanza kunyoa na ndevu, hajawahi kusema chochote ila asante. Mama mmoja alinikumbatia njiani akalia, eti mita yenu imemgundulia waya uliokuwa unamuunguzia nyumba. Mimi nikamwambia karibu tena! Nitamwambia nini? Nyumbani wewe hujasema. Kwa hiyo wewe umekusanya mashine, mimi nimekusanya asante. Nimezijaza humu kifuani, na sina mwenye kuzipokea, maana mwenyewe kajificha nyuma ya dirisha. Nikasema nitaweka sharti. Labda akibanwa atasema.

— Nilikuwa nasema, akajibu Soketi. Nilikuwa nimefungua mdomo.

— Nimeuona. Ndiyo maana sikukukimbiza.

— Lakini uliponambia nisiazime…

— Nilisema kwa hasira ya waya mmoja. Mtu ananikinga na pasi yuko uchi mbele ya mume wangu, halafu mimi niwanyime watu drili?

Soketi akatafuta kitambaa cha kaki mfukoni, akafuta drili, kisha akafuta macho kwa kilekile, akabaki na mstari wa mafuta usoni. Wote waliuona na hakuna aliyemwambia.

Honi ikalia. Gari la chuma chakavu lilikuwa limefika kwenye kona, dereva kachomoza kichwa.

— Vyuma viko wapi?

Soketi akasimama ghafla. Mkewe akamshika shati.

— Kaa. Chumba chako hakijajaa drili, mume wangu. Kimejaa maboksi. Maboksi na povu, na maboksi ya kuhifadhia maboksi. Toa hayo, mashine zenyewe zinatosha ukuta mmoja wa duka lako, na kitanda cha mjukuu kinaingia na sisi tunapata pa kumpigia makofi. Wewe, baba wa gari! Unachukua makaratasi?

— Mimi nachukua chuma, mama.

— Leo chukua makaratasi. Na vipande vya miguu ya benchi kama una jiko.

Dereva akatazama magoti ya watu wale, akatazama vipande vya mbao, akaona si vizuri kuuliza. Wakapanga mnyororo wa watu kutoka chumbani mpaka garini. Mtaa ulikwisha kusikia, ukawa unatoka milangoni: mwenye genge, mama wa kufua nguo, fundi viatu. Kila mmoja akifungua boksi alitoa mashine aliyowahi kuazima, akaishika kama anayemsalimia mtu, akasema, "Hii ndiyo iliyotundika mlango wangu," au "Hii ilikata mabati mvua ikiwa inakuja," na akaenda kuiegemeza dukani kwa Soketi. Asante, Soketi. Asante, mzee. Soketi aliitikia kila moja kwa kichwa, na mara hii kichwa kilikuwa kinasema kweli. Mita ndogo yenye nyaya mbili aliitoa mwenyewe. Hakuiegemeza ukutani. Aliitia mfuko wa shati, upande wa kushoto, ikamvuta shati chini kidogo.

Gari likaondoka limejaa hewa na karatasi. Kijana wa nusu kichwa alikuwa bado pale, drili ya kijani mikononi, waya wake kaukunja vizuri. Soketi akamtazama kiuno kwa mazoea. Hakikuwa chenyewe, na kwa umri ule kisingeweza kuwa.

— Asanteni sana, wazee, akasema kijana. Mama atafurahi. Sasa, nirudishe lini?

Soketi alifungua mdomo. Mkono wake ukapanda wenyewe ukagusa mfuko wa shati, penye mita ambayo mwenyewe alisema ataipitia. Akamtazama mkewe, mkewe alikuwa akitazama chandarua mapajani, akikilainisha kilipokunjika. Kipara akageukia ukuta. Wakili, ambaye tangu kesi ya mbuzi hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu, akainua kikombe na kunywa, na kikombe kilikuwa kitupu. Akamnyooshea Bi Chupa.

Bi Chupa akainamisha chupa. Likatoka tone moja, likaning'inia mdomoni, likaanguka kwenye vumbi la mbao.

— Imeisha, akasema.